Fundi Aliyebaki na Neno Moja

Wodi yetu ilikuwa na mgonjwa ambaye kila mtu alizungumza naye, na hakuna aliyegundua kwamba mzee yule hawezi kuzungumza.

Sitanii.

Madaktari walizungumza naye. Wauguzi tulizungumza naye. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alipiga naye soga mpaka usingizi ukamchukua.

Nakusimulia hili kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu huenda na wewe nyumbani kwako kuna mtu wa namna hiyo, na unadhani anakujibu.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimehitimu uuguzi. Sare yangu ilikuwa na mikunjo ya dukani, kichwa kimejaa masomo, moyo umejaa nia njema. Niliamini kabisa kwamba mgonjwa akisikilizwa, nusu ya ugonjwa imeshaondoka. Wenzangu wakanibandika jina: Degrii.

"Degrii, kabla hujaokoa dunia, kamwage hili beseni," Sista Mkuu alikuwa akiniambia.

Yeye ndiye aliyeongoza wodi. Mama wa makamo, mkali wa mdomo, laini wa mikono. Namwaga beseni, narudi kuokoa dunia.

Mgonjwa mwenyewe tulimwita Fundi, maana alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake. Kiharusi kilimkuta cherehani inazunguka. Kikamlegeza upande mzima wa kulia, mkono na mguu, na pembe ya mdomo ikashuka kidogo.

Lakini macho yake yalikuwa hai. Ukimsemesha anakutazama, anatulia kama anayepima kitambaa, halafu anakujibu.

"Mzee wangu, umelala vizuri?"

"Bado."

"Umekula?"

"Bado."

"Maumivu yamepungua?"

"Bado."

Sauti nzito, imeiva, haina kigugumizi hata kidogo. Tukikabidhiana zamu, habari zake zilikuwa fupi: kitanda cha dirishani, kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu, anajibu vizuri, mkaidi kiasi.

Mkaidi kwa sababu hakuna kilichomridhisha. Umemgeuza, umemfuta, umempaka mafuta mgongoni, ukimuuliza kama amejisikia nafuu, bado.

Jirani yake alikuwa dereva wa lori, mguu umevunjika na umening'inizwa juu kwa kamba na uzito. Hana pa kwenda, kazi yake mdomo.

"Fundi, suruali yangu tayari?"

"Bado."

Dereva anacheka mpaka mguu unatikisika. "Mnamwona? Fundi ni fundi. Hata kiharusi hakijamfundisha kumaliza kazi ya watu."

Tulicheka wote. Hata binti yake, aliyekuwa anakuja kila siku na chupa ya uji, alicheka. Akasema dukani neno hilo ndilo lililokuwa salamu ya baba. Mteja hajavuka kizingiti, ameshajibiwa.

Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Na hapo ndipo lugha yetu ilipotuchezea. Kitandani kwa mgonjwa karibu kila swali letu linaanza hivyohivyo. Umekula? Umekunywa? Umeoga? Umepata choo? Neno moja tu linatosha kuyajibu yote, na likakaa sawasawa. Hata ukigeuza ukauliza, "Inauma?" akajibu bado, unaelewa inaendelea kuuma.

Siku moja binti akamuuliza, "Baba, umeshapewa dawa ya presha?"

"Bado."

Binti akafungua mkoba, akatoa vidonge vya nyumbani, akampa. Naye alikuwa ameshapewa na sisi. Saa chache baadaye presha ikaporomoka, jasho la baridi likamtoka, tukakimbizana naye kwa dripu na kumwinua miguu mpaka akarudi.

Sista Mkuu akamgeukia binti. "Nani kakwambia umpe?"

"Nimemuuliza mwenyewe. Kasema bado."

"Mzee wangu, na wewe tena unatuongopea?"

"Bado," Fundi akasema.

Machozi yalimlengalenga. Tukadhani ni aibu.

Binti akabaki kunisaidia kutandika. Tulipokuwa tunavuta shuka, kila mtu upande wake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nimemwita kaka."

Sikujua kama ana kaka.

Akanieleza. Mama yao alipougua, kaka aliitwa, akasema anakuja. Akaitwa tena, akasema yuko njiani. Mama akafa akiwa anauliza mlango umegongwa na nani. Kaka alifika mazishi yameshaisha. Baba alimkuta uani, hakumpandishia sauti. Alimwambia tu, "Siku nikikusamehe nitakuita mwenyewe." Akaingia ndani.

"Hajamwita mpaka leo," binti akasema. "Na mimi naogopa, sista. Baba akiondoka hivi, kaka naye amekwisha. Hali vizuri, halali vizuri, simu ikilia anashtuka. Anasubiri kuitwa."

Ndipo nikaelewa kwamba kwenye kitanda kile palikuwa na wagonjwa wawili.

Kaka akafika. Mtu mrefu, ameinamisha mabega kama anayepita chini ya dari fupi. Akasimama mlangoni, mlango ambao uko upande wa kulia wa kitanda. Fundi hakugeuka. Kaka akalichukulia hilo kuwa jibu la kwanza.

Hata hivyo akasogea, akapiga magoti pale sakafuni.

"Shikamoo baba."

"Bado."

Dereva akageuza uso ukutani.

"Baba, najua nilichofanya. Sikuja kujitetea. Nauliza tu. Umenisamehe?"

Fundi alifungua mdomo. Akaufunga. Mshipa wa shingo ukamtoka. Halafu neno likaja, zito, safi.

"Bado."

Kaka akainuka, akajifuta magoti. "Sawa, baba." Akatoka. Alipopita kwangu akasema kesho anarudi alikotoka, hana haja ya kumwongezea mzee presha.

Dereva akanong'ona, "Fundi naye. Hata leo?"

Na mimi nilikuwa na hasira, sifichi. Nilimwendea mzee nikiwa na hotuba nzima kifuani, ya huruma na ya maisha mafupi. Nikataka kuanza kwa adabu, kwa hiyo nikauliza swali la kijinga ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, maana sote tulimjua.

"Mzee wangu, jina lako nani hasa?"

"Bado."

Hotuba nikaiacha.

"Hapa tulipo ni wapi?"

"Bado."

Nikachomoa kalamu mfukoni. "Hii ni nini?"

Akaitazama kalamu. Akanitazama mimi. Midomo ikatafuta, ikatafuta. "Bado," akasema, na safari hii machozi yakamwagika kabisa, maana alikuwa anajisikia anavyokosea. Kila mara alikuwa anajisikia.

"Funga macho," nikamwambia.

Akafunga.

"Inua mkono wa kushoto."

Akainua.

Mzee alikuwa anaelewa kila kitu. Kiharusi kilikuwa kimekata njia ambayo maneno hupita kwenda mdomoni, kikamwachia neno moja tu, lile ambalo ulimi ulilizoea kuliko yote. Hali hiyo inaitwa afasia. Tulifundishwa darasani. Kitabuni mgonjwa wake huwa bubu, au hutoa maneno yasiyoeleweka. Kitabu hakikusema anaweza kuwa na neno linalojibu kila swali lako.

Nikamwita Sista Mkuu. Hakuamini, akajaribu mwenyewe, akauliza jina la binti yake, akauliza rangi ya shuka. Bado. Bado.

Akavua miwani. "Kwa hiyo muda wote huu," akasema, "tulikuwa tunajijibu wenyewe."

Tukaanza upya siku hiyohiyo, kama mgonjwa aliyeletwa sasa hivi. Tukagundua kwamba upande wa kulia haoni, hata jicho likiwa wazi. Ndiyo maana mwanawe aliposimama mlangoni mzee hakugeuka. Tukampima kumeza, tukakuta maji mepesi yanampotea njia na kumpalia, kwa hiyo vinywaji vyake vikawa vizito kidogo, na anakunywa akiwa ameketi, kidevu kimeinamishwa. Nikampigia kaka simu.

"Usiondoke," nikamwambia. "Lile neno halikuwa jibu. Ni ugonjwa. Baba yako hana neno lingine."

Halafu akauliza, kama mtoto, "Kwa hiyo hajakataa?"

"Hajasema chochote, kaka yangu. Ila anaweza kujibu. Njoo kesho."

Usiku ule nililala na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kazini.

Asubuhi nikaketi kushoto kwa Fundi, mahali anapoona, nikamshika mkono mzima. Nikamfundisha: ndiyo, nibane vidole. Hapana, fungua kiganja.

"Wewe ni fundi seremala?"

Akafungua.

"Fundi cherehani?"

Akabana.

"Dereva huyu ni mtu mkimya?"

Akafungua upesi mno, na pembe nzima ya mdomo ikainuka. Dereva akasema, "Ohoo, kumbe mzee ulikuwa unanisikia vizuri tu."

Maneno yakatoka kupitia mkono ule kama bomba lililozibuliwa. Uji ulikuwa umemchosha. Mgongo ulikuwa unamuuma upande wa chini. Kiu alikuwa nayo kila siku. Binti yake alicheka na kulia kwa pamoja.

Niliuliza kila jambo mara mbili, mara ya pili kwa kuligeuza, kuhakikisha habahatishi. Hakukosea. Kaka alipofika nikamkalisha pale kushoto, nikamweleza kanuni zangu kama mwalimu. Swali moja kwa wakati. Mpe nafasi. Usisikilize mdomo, mdomo ni ugonjwa, mkono ndio ukweli. Na shika jibu la kwanza, kwa sababu ubongo uliochoka hurudiarudia.

Akashika mkono wa baba yake. Sidhani alikuwa ameushika tangu utoto.

"Baba, unanijua mimi ni nani?"

Vidole vikabana, vikabaki vimebana.

Kaka akasogea karibu. "Baba. Umenisamehe?"

Mkono ukatulia. Niliona kifua cha mzee kikipanda na kushuka.

Kiganja kikafunguka.

Binti akaziba mdomo wake. Halafu vile vidole vikaanza kurudi, polepole, nusu njia, vikasimama hapo, havijabana wala havijafunguka. Na mdomo ukaanza, "Bado. Bado. Bado."

Kaka akanitazama mimi. "Na hii?"

"Ni uchovu," nikasema. "Jibu ni lile la kwanza."

Ndivyo tulivyofundishwa. Nilikuwa sahihi kabisa.

"Ngoja nigeuze swali," kaka akasema, maana nilimfundisha vizuri. "Baba, umenikasirikia?"

Vidole vikabana.

Kaka akauweka ule mkono juu ya shuka taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Akainuka. Mlangoni akanipa mkono.

"Nashukuru, sista. Jana niliondoka na mashaka. Leo najua."

Akaenda zake.

Fundi alianza kuhangaika haijapita hata dakika moja. Alipiga godoro kwa mkono wa kushoto. Nilipomshika, akabana, akafungua, akabana, akafungua. Nikadhani ni degedege. Nikamwita Sista Mkuu.

Yeye akatazama kwa muda. "Hii si degedege," akasema. "Degrii, huyu mzee ulimpa majibu mangapi?"

"Mawili. Ndiyo na hapana."

"Na mtu ambaye jibu lake si ndiyo wala si hapana?"

Nikakaa kushoto.

"Mzee wangu. Ulimwambia mwanao hapana?"

Akafungua.

"Ulimwambia ndiyo?"

Akafungua.

"Hasira unayo?"

Akabana.

"Lakini inaelekea kwisha?"

Akabana.

"Utamsamehe?"

Akabana mpaka pete yangu ikaniumiza.

"Ulitaka kumwambia bado?"

"Bado," Fundi akasema, vidole vimening'ang'ania, machozi yanashuka upande mmoja wa uso. Tangu alazwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyojua kwamba mdomo wake na moyo wake vinasema kitu kimoja.

Kaka alimsoma baba yake kwa mdomo, akakosea. Akamsoma kwa mkono, akakosea. Jibu lilikuwa lile la siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyempigia simu kumwambia halikuwa jibu.

Nikapiga tena. Nikaeleza haraka, nikajichanganya, nikaanza upya.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, bila ukali, "Sista, ulinifundisha wewe. Mdomo ni ugonjwa, mkono ndio ukweli. Sasa leo mdomo umekuwa ukweli?"

"Safari hii vyote viwili vimekubaliana."

"Najua una moyo mzuri," akasema. "Dada yangu aliniambia." Akakata.

Binti akampigia, simu ikaita bure. Baadaye ikawa haiiti.

Tulifanya kilichobaki. Tulikigeuza kitanda cha Fundi ili mlango uwe kushoto kwake. Huo ndio uuguzi sahihi wa mtu asiyeona upande mmoja, aone anayeingia. Sijawahi kujutia jambo sahihi kama lile. Maana tangu siku hiyo alitazama mlango. Kila aliyeingia, mfagizi, mleta chakula, wageni wa watu wengine, macho yake yalimpokea na kumwachia.

Dereva aliacha utani wa suruali. Ikawa akisikia viatu ukumbini anamwambia mapema, "Si yeye, Fundi. Pumzika."

Kifua ndicho kilichomwondoa. Pamoja na uangalifu wote wa kumeza, mate tu yakamshinda, yakashuka mapafuni, homa ikapanda, dawa ikagoma. Nilimshika mkono wa kushoto. Nilimuuliza kama anaumia, akafungua. Nilimuuliza kama sasa ameshamsamehe.

Akabana.

Nilirudia swali kwa kuligeuza, kama ilivyo kanuni. Sikutaka kubahatisha jambo kubwa namna hiyo.

Hasira bado unayo?

Akafungua. Akaacha kiganja wazi.

Jioni hakuwa nasi.

Kaka alikuja kuuchukua mwili. Nilimsubiri nje ya chumba cha maiti nikiwa nimeyapanga maneno yangu vizuri, moja baada ya jingine. Nikamweleza kila kitu. Nikamwonyesha hata kwa mkono wangu, hivi alibana, hivi alifungua. Nikamwambia, "Baba yako alikusamehe. Alikuita. Hakuwa na mdomo wa kuitia."

Alinitazama kwa upole, upole ule ambao sisi wauguzi huutumia kwa ndugu wa marehemu.

"Nashukuru, sista," akasema. "Ni maneno ya kufariji sana. Mmefundishwa vizuri."

Kisha akaingia kumvalisha baba yake.

Hakuniamini. Na sina namna yoyote ya kumfanya aamini, kwa sababu ukweli wangu unafanana mno na ule uongo wa huruma ambao watu huambiwa mlangoni pale kila siku. Binti ananiambia kaka yake mpaka sasa simu ikilia anashtuka, ingawa baba wa kumwita hayupo tena.

Ukiwa na mgonjwa wa kiharusi nyumbani, usimwamini kwa sababu tu anajibu. Muulize jina lake. Muulize kitu ambacho neno alilozoea haliwezi kukijibu. Kaa upande anaoona, mnyweshe akiwa ameketi, mpe muda. Na ukimtafutia njia ya kusema ndiyo na hapana, mtafutie palepale, kabla hujauliza lolote zito, ishara ya kusema kwamba jambo halijaisha moyoni mwake. Wodini kwetu siku hizi ishara hiyo ipo: kidole kimoja juu ya kiganja cha anayeuliza, kinatulia. Mimi ndiye ninayeifundisha.